Finjani ya Pili

Kila asubuhi, kabla sijafumbua macho, nilikuwa nikijua kwamba Ami Marjani yuko kazini. Harufu ya buni inayokaangwa ilipita juu ya ukuta wetu ikanikuta kitandani, kwanza nyepesi kama ya mkate, kisha nzito yenye uchungu, na mwisho ikachanganyika na iliki. Baada ya harufu ndipo kinu kilipoanza kulia. Nyumba yetu ilikuwa Matrah, jirani na Maskati, katika kichochoro chembamba ambamo punda akipita na mzigo ilitubidi sote tujibanze ukutani mpaka amalize shughuli yake. Tulihamia hapo kutoka Unguja mwishoni mwa mwaka wa sitini na nne, baba, mama, bibi mzaa baba, na mimi, tukiwa na masanduku matatu na kimya kingi. Baba, aliyekuwa karani huko Unguja, sasa alimwandikia barua tajiri wa nyumba ya pili. Mimi nilikuwa na miaka tisa na mdomo usiojua kufungwa, na skuli ya wasichana haikuwapo nchi nzima. Kwa hiyo nilibaki na kitabu kimoja tu cha kusomea, nilichokificha ndani ya kanga za mama ili wakaguzi wa forodhani wasikione, na mtu mmoja tu wa kukisikiliza.

Mtu huyo ndiye Ami Marjani, mpishi wa kahawa wa yule tajiri. Alikuwa mrefu, mweusi, na kope zake zilikuwa zimevimba kwa maradhi ya macho ya siku nyingi. Kiswahili chake alikirithi kwa mamake, aliyeletwa Omani akiwa mtoto, na kilikuwa na maneno ambayo hata bibi yangu aliyasikia mara ya mwisho kwa wazee wake. Alizaliwa mtumwa. Nililijua hilo siku ya pili tu, kwa sababu nilimuuliza, na mama akanifinya paja mpaka nikaona nyota. Marjani mwenyewe hakuona vibaya. Alinisimulia kwamba katika ua wa balozi wa kigeni, kule Maskati penyewe, palikuwa na mlingoti wa bendera, na mtumwa aliyewahi kuukumbatia alipewa karatasi ya uhuru. Ujanani mwake aliukumbatia mpaka mikono ikamfa ganzi, akakataa kuuachia mpaka aone wino umekauka. Nilimuuliza kama mlingoti ulikuwa wa moto. Alifikiri, akasema ndiyo, ilikuwa saa sita ya mchana, na kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza kumuuliza.

Lazima niseme hapa jinsi habari zilivyoulizwa, maana bila hilo mengine yote hayaeleweki. Katika nyumba tulizozijua, mgeni hakurupuki na maneno yake. Huketi, akaulizwa habari, naye akajibu kwamba hakuna habari ila kheri, hata kama ametoka kumzika baba yake asubuhi hiyo. Kisha huletewa tende na finjani ya kahawa, akanywa. Ikimiminwa finjani ya pili, mwenyeji humuuliza tena, na sasa ndipo mgeni husema kilichomleta. Sisi wa Unguja hatukuhitaji kufundishwa, kwani na kwetu mtu ukimuuliza hujambo atakwambia sijambo huku homa inamtetemesha. Ami Marjani alikuwa amemimina finjani hizo za pili kwa miaka thelathini. Alisema alizijua siri zote za Matrah kwa sababu hakuna anayemtazama mwenye dele la kahawa mkononi.

Katika kitabu changu mlikuwa na kurasa nne alizozipenda kuliko zote. Zilieleza habari za watu weusi wa Amerika waliotoroka utumwa, wakapanda meli hadi Uingereza, wakasimama mbele ya watu katika kumbi na makanisa kusimulia waliyotendewa, ili watu wa huko wawasaidie kuukomesha. Palikuwa na picha ya mmoja wao, amevaa koti refu, mkono hewani, na mbele yake vichwa vimejaa. Nilizisoma kurasa hizo labda mara mia. Ami Marjani alikuwa akiisogeza picha karibu na macho yake mabovu na kuanza maswali, na kwa maswali tulikuwa tumekutana. Koti lile alishonewa na nani? Alilala kwa nani? Wale wenye vichwa, walimlisha kwanza? Na swali alilolirudia kila mara ni hili: nani alimuuliza? Nilitafuta katika kurasa zote nne sikuona jina la aliyeuliza. Nikamwambia nadhani alisimama tu akasema. Ami Marjani alitikisa kichwa kwa huruma, akaniambia kitabu kimekatwa, haiwezekani mtu mzima aanze maneno yake hivyo.

Siku moja akaniambia kwa nini anauliza. Alikuwa na dada, Zuhura, aliyekuwa bado mtumwa katika nyumba ya mkubwa mmoja kwenye pwani ya Batina, mwendo wa siku nzima kwa lori. Alimwona Idi kwa Idi. Nikamwambia basi na aje aukumbatie mlingoti. Akanijibu kwamba Zuhura ana watoto wawili, na mlingoti haukumbatiwi na mtu aliyewaacha wanawe nyuma. Sasa, daktari mgeni aliyemtibu macho alikuwa amemweleza kwamba London kuna chama cha watu wanaopinga utumwa mpaka leo, na kwamba wengi wao hawaamini kama bado upo. Walichotaka ni mtu mwenyewe aje awaambie kwa kinywa chake. Daktari ameshawaandikia, nao wamejibu aje. Ami Marjani alikuwa amepata kazi ya jikoni katika meli ya moshi, angeondoka bila ruhusa ya serikali, na mtu aliyeondoka hivyo hakuwa na hakika ya kurudi. Nilipoyasikia hayo nilifurahi mno, Mungu anisamehe. Niliona kitabu changu kimepata ukurasa wa tano.

Tukaanza mazoezi juu ya paa, alasiri, jua likishateremka nyuma ya majabali. Mimi nilikuwa Waingereza wote. Nilipanga mito mitatu iwe vichwa, nikaketi katikati yake nikakunja uso. Yeye akasimama kwenye kivuli cha ukuta, amevaa koti kuukuu la baba, akausema uchungu wake wote: jinsi mama yao alivyouzwa wao wakishika nguo yake, jinsi Zuhura alivyokatazwa kumpa mwanawe wa kwanza jina alilolitaka. Alisema vizuri mpaka mimi Waingereza wote nikalia. Lakini hakuridhika na mwanzo. Alinituma nikamuulize bibi, kwa sababu bibi alikuwa mtu wa nyumba kubwa aliyejua mambo yanavyotakiwa. Bibi alikuwa akichambua mchele. Hakuniuliza mgeni huyo ni nani wala anakwenda kusema nini, nami kwa mara moja katika maisha yangu nilinyamaza.

"Ataanzaje kuwatolea watu misiba hata hajaketi?" alisema. "Mwambie aanze na kheri, anywe kitu, angoje aulizwe tena. Watamuuliza. Watu wana adabu zao popote."

Nilipanda ngazi mbiombio nikampa Ami Marjani jawabu hilo neno kwa neno. Uso wake ulilegea. Alisema alijua tu kwamba kitabu kimekatwa. Akaniita Mwalimu, jina alilonipa kwa mzaha, na siku ile halikuwa mzaha. Tukarudia mazoezi kwa utaratibu mpya: mimi nauliza habari, yeye anajibu kheri, nampa finjani tupu, anakunywa, nauliza tena, naye anaanza. Kila mara niliuliza tena. Ndilo jambo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba sikusahau hata mara moja kuuliza tena.

Aliondoka mwaka wa sitini na sita. Asubuhi yake hapakuwa na harufu juu ya ukuta, na tajiri alizunguka kichochoroni akiuliza nani kamwona Marjani. Ilipita karibu nusu mwaka. Siku moja ya joto baba alirudi chakula cha mchana, akatwambia amekutana na daktari, na kwamba barua imekuja kutoka London. Watu wa chama walimshukuru kwa kuwaletea mzee mpole, mwenye heshima nyingi. Waliandika kwamba wamefarijika kusikia kutoka kinywani mwake kuwa hali ya nchi ni njema. Baba alishangaa, mtu aende mbali kote huko akaseme hivyo, akaendelea kula. Nilimtazama bibi, naye alikuwa ameshaweka tonge lake sahanini, ananitazama. Ndipo alipojua mgeni alikuwa nani. Kwa muda mrefu baadaye niliona aibu kila nilipoiona ile mito ya paani, na Zuhura, ambaye sikuwahi kumwona, alinijia mawazoni kila Idi.

Ami Marjani hakuweza kurudi. Alikaa Kuwait akipika kahawa za watu mpaka mwaka wa sabini, aliposhika nchi mtawala mpya, na watumwa wote wakaachwa huru, na waliokuwa nje wakaambiwa warudi. Alirudi mwisho wa mwaka huo, nikiwa na miaka kumi na mitano. Zuhura naye alishuka kutoka Batina na wanawe, na kwa kuwa yule tajiri alikuwa amekufa, walikutana kwetu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nene, akaketi karibu na mlango mpaka mama akamvuta kwa mkono aje juu ya zulia. Ami Marjani alipika kahawa mwenyewe jikoni kwetu, na ile harufu ya zamani ikaijaza nyumba yetu kwa mara ya kwanza bila kupitia ukutani. Alimimina, akakaa. Zuhura akamuuliza habari za huko. Wote tulijua jawabu lake, na yeye hakulitoa.

"Mbaya, Zuhura," alisema. "Nilikwenda kukusemea. Wakaniuliza mara moja, nikasema kheri."

Akaeleza. Chumba kilikuwa juu ya duka, watu kama ishirini, na mkalimani mzee aliyewahi kufanya kazi pwani ya kwetu na kujua Kiswahili vizuri. Bibi mmoja mwenye kofia aliuliza habari za nchi yake, naye akaweka mkono kifuani akasema hatuna habari ila kheri. Wakafurahi. Wakampa chai ya maziwa, akanywa, akashika kikombe akingoja cha pili. Kikombe cha pili hakikuja. Akasimama mtu mwingine akazungumzia nchi nyingine, kisha wakampa mikono wote. Alidhani ataulizwa kesho. Kesho alikaa mlangoni pa nyumba aliyofikia, amevaa koti la baba, toka asubuhi hadi magharibi. Siku ya tatu alimuuliza mkalimani watamuuliza lini, na mkalimani alipofahamu alijifunika uso kwa mikono. Wakakimbia pamoja mpaka kwa wale watu, wakakuta mlango umefungwa kwa wiki nzima, na meli ilikuwa ikiondoka jioni ile.

Nilitaka kusema kwamba kosa ni langu. Zuhura aliniwahi, maana hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama nduguye, finjani imesimama mkononi mwake.

"Na wangekuuliza tena," alisema, "ungesema nini?"

Ami Marjani akasimama. Akainyoosha kanzu yake kama alivyokuwa akilinyoosha lile koti, akayasema yote, tangu mama yao na nguo waliyoishika hadi jina la mtoto, hakuruka neno. Mimi niliyajua kwa moyo, nikawa natembeza midomo pamoja naye. Wana wa Zuhura walisikiliza kama watu wanaosikia habari za mtu mwingine. Alipomaliza, Zuhura alisema, "Ndivyo," akanywa kahawa yake iliyokwisha poa.

Kisha akasema bibi yangu, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. "Na sie shamba kwetu walikuwapo," alisema. "Nilipokuwa mtoto. Nnawakumbuka." Akawataja: Tatu, Mabruki, Hadiya, Almasi, Zafarani, Baraka, na mtoto ambaye mamake alimpa jina jingine, wenye shamba wakamwita Faida. Baba alimwambia mamake, basi. Bibi hakunyamaza mpaka alipowamaliza, na Ami Marjani, bado amesimama, akachukua dele akammiminia finjani ya pili.

Sasa naishi Ghubra, Maskati hiihii, nyumba ina viyoyozi na kahawa inakaa katika chupa tangu asubuhi. Nilifundisha skuli miaka thelathini, wasichana watupu, kila mmoja na vitabu vyake. Barabara imefika Batina, na mwendo ule wa siku nzima sasa ni wa saa moja na ushei. Habari twaulizana kwa simu, na jawabu ni lilelile, salama, alhamdulillahi. Jamaa zangu hawapendi niyasimulie haya harusini, husema tuna mengi mazuri ya kukumbuka, na kweli tunayo. Wiki iliyopita alinipigia mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu, Al Khoudh. Ana kazi ya kuandika kuhusu asili ya familia yake. Akaniuliza kama kwetu Unguja kulikuwa na watumwa. Mimi, niliyepitia yote hayo, nikajisikia nikimjibu kwamba hayo ni mambo ya zamani, mwanangu, kwetu ilikuwa kheri tu.

Halafu akaniuliza tena. Nikamwambia akae vizuri na ashike kalamu, maana majina ni saba.