Mbuzi Niliyempeleka Kidahwe

Niliondoka Ujiji kwa sababu ya ubishi. Mteja wangu mmoja wa dagaa aliniambia kuwa Kidahwe kuna watu wa kujitolea wanaozitoa familia kwenye umaskini, na wala hawagawi kitu. Nikamwambia hilo haliwezekani. Mimi nimeishia darasa la nne, nimeanza kwa kuuza dagaa kwa kopo pale Bangwe, leo nina mitumbwi mitatu na pikapu. Umaskini naujua kuliko wao! Lakini moyo haukutulia, nikasema niende nikaone kwa macho yangu.

Saa moja asubuhi nilipakia mbuzi jike mnene. Mtu kama mimi haendi kwa watu mikono mitupu.

Mwandiga nilisimama kunywa chai. Miaka ile barabara ilijaa malori ya mahindi na maturubai ya kambi za wakimbizi, na kila aliyemwona mbuzi aliuliza kama nampelekea mkimbizi. Nikajibu, "Napeleka kijijini. Na wao wana matumbo."

Kidahwe nilifika saa nne. Alinipokea Festo, fundi baiskeli, mmoja wa wale wanaojitolea. "Mwakeye, Mzee!" akanisalimu kwa Kiha. Akanieleza: familia hujenga banda kwanza na kupanda majani ya malisho. Banda likikaguliwa likafaa, hupewa mbuzi aliyezaliwa kwa jirani. Nayo, mbuzi wake akizaa, mtoto wa kwanza humpa mwingine.

"Na nyinyi mnatoa nini?"

"Miguu, Mzee. Tunapita kila wiki."

Akanipeleka kwa Anjelina, Mrundi aliyeolewa hapa zamani, sasa mjane mwenye watoto wanne na shamba la mihogo lililochoka, lenye kiu ya samadi. Ukaguzi ulikuwa saa tisa, na banda lake halikuwa na sakafu. Akishindwa, zamu inakwenda kwa mwingine.

Nikacheka. "Mama, weka nyundo chini. Mbuzi wako huyu hapa."

Alimtazama mbuzi. Kamba hakuigusa. "Asante, Mzee. Siwezi."

"Ni mdogo?"

"Ni mkubwa mno. Kwetu mtu akikupa mnyama hivi, umekuwa mtu wake. Akilima unaitwa, akijenga unaitwa. Baba yangu aliitwa mpaka akazeeka."

"Mimi sitakuita!"

"Wote husema hivyo," akajibu, na majirani wakaangua kicheko.

Festo akasema taratibu, "Hata sisi Waha tunalo hilo, Mzee."

Nilikasirika, maana kweli njiani nilishapanga nitakavyokuwa napita pale kila mwaka, watu wakisema mfadhili amekuja. Lakini saa zilikuwa zinakwenda. Nikavua koti. "Basi nipeni kazi. Chanja za kuanikia dagaa nimejenga mimi kabla hamjazaliwa."

Nikapigilia fito za sakafu haraka, safi kabisa. Anjelina akapitisha mkono mzima katikati ya fito mbili.

"Mzee, unataka kumwanika mbuzi? Mguu utazama hapa, uvunjike."

Nilikuwa nimempa mbuzi sakafu ya dagaa. Nikang'oa zote, nikaanza upya, jasho linanitoka, wanawake wananiita fundi wa ziwani.

Saa tisa walikuja wakaguzi watatu, wanakijiji tu. Wakatikisa nguzo, wakapanda juu ya sakafu, mmoja akaruka kabisa. Anjelina alisimama amekunja mikono.

"Panafaa," wakasema.

Jirani yake, Sikitu, akaja na mbuzi mdogo mweusi, akampa kamba. "Akizaa, zamu ya Yohana." Anjelina akashukuru mara moja, kisha wakaanza kubishana jina la mbuzi. Hakuna aliyepiga goti.

Jioni nilirudi Ujiji na mbuzi wangu. Njiani niliwakumbuka mmoja mmoja watu niliowasaidia maishani, nami nimesaidia wengi, muulizeni yeyote. Wanne niliwanunulia kila mmoja wavu wake wa kwanza. Mpaka leo wanavua kwenye mitumbwi yangu, na sijawahi kuwauliza kama wanataka.