Viwavi Wangu Walivyokula Mavuno ya Kanisa

Aibu hii siku hizi naisimulia mwenyewe, kwa sababu nikinyamaza dada yangu Wakesho ataisimulia, na yeye huongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya sabini, nasomea zuolojia chuo kikuu, nimekuja likizo nyumbani Bura. Kitabu chetu kilisema kiwavi akinyimwa chakula, mafuta aliyoweka akiba mwilini hutolewa yakasafirishwa na damu mpaka yanapohitajika. Mimi sikukiamini (wakati huo sikuamini hata kalenda), basi nikakusanya viwavi wanene wa kijani, wale wenye pembe mkiani wanaomaliza majani ya viazi vitamu, nusu nikawalisha na nusu nikawafungia na njaa kwenye kopo la kakao mpaka Jumatatu, nipande gari la moshi Voi nikawapime chuoni. Hao wenye njaa wakionja jani tu, utafiti wangu wa mwaka wa mwisho umeharibika.

Jumapili hiyo ilikuwa ya mavuno. Wakesho alikuwa abaki nyumbani na nyanya, na tangu jana yake alikuwa analichungulia lile kopo akisema, "Kaka, hata majani mawili?" Nikaona huyu hafai kuaminiwa, heri niende nao kanisani. Kopo likakataa kuingia mfuko wa koti, nikalichomeka kwenye kikapu cha sadaka cha mama, katikati ya ndizi, mahindi na mafungu ya majani ya viazi vitamu (ndiyo, mimi msomi).

Nilidhani nitakibeba mimi mpaka mwisho. Mlangoni mzee wa kanisa akanipokonya kwa heshima, akakiweka mbele kabisa. Mahubiri ya mavuno kwetu hayana haraka, na kile kifuniko cha kopo nilikuwa nimekitoboa matundu mpaka kikalegea.

Baada ya ibada sadaka hupigwa mnada uwanjani. Mzee Mwadime, anayejua kusifia hata muhogo uliooza, akainua fungu la majani la mama. Vilikuwa vimebaki vikonyo tu, na viwavi wananing'inia wakitafuna bila wasiwasi.

Akalitazama sana. "Mama Wakesho, hii ni mboga ama ni mifugo?"

Uwanja ukacheka. Mama, ambaye kikapu chake husifiwa kila mwaka, akatazama viatu vyake. Nikaruka mbele. "Ni wangu, mzee. Hawakutakiwa kula." Kisha, badala ya kunyamaza, nikaeleza habari za mafuta na damu, na kila nikieleza nazama zaidi.

"Ngoja, mwanangu. Umewanyima chakula?"

"Ndiyo, mzee."

"Halafu ukawaleta kwa mavuno?"

"Ndiyo."

"Na huko chuoni wanajua uko hivi?"

Mama mmoja akadakia, "Muulize kama yeye wanamlisha. Ona alivyokonda."

Nikawaokota mmoja mmoja, wamevimba kwa shibe, watu wakinionyesha waliojificha kwenye ndizi.

Nyumbani Wakesho alifungua kopo, akanitazama. "Si ungeniachia tu? Mimi ningewapa majani mawili."

Nilirudia kazi yote likizo iliyofuata, na kitabu kilikuwa sahihi, jambo lililoniudhi kuliko mnada wenyewe. Bado nauliza kila kitu, lakini niliapa kwamba mdudu wangu mwenye njaa hatakanyaga tena kanisani. Mama hakiamini kiapo hicho. Kila Jumapili ya mavuno hunisimamisha mlangoni akanipekua mifuko, nami nainua mikono bila kuuliza swali.