Jinsi Nilivyohama Katikati ya Ukurasa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mashine ya taipu nzito kama gunia la mtama, na karatasi moja. Moja tu. Hospitali yenyewe, ambayo jina lake naliacha, ilikuwa mjini Singida, nami nilikuwa nimetoka kwetu Mtinko na cheti cha kupiga chapa. Mganga Mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali, alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Binti, andika tangazo la chanjo. Kichwa cha habari kikae katikati."

Ninyi vijana mnabonyeza mara moja tu. Sisi tulihesabu herufi. Unaipeleka mashine hadi katikati ya karatasi, kisha unarudi nyuma nafasi moja kwa kila herufi mbili, ndipo unaanza kupiga. Ukikosea hesabu, kichwa kinaegemea upande mmoja na karatasi imeharibika. Nilipomaliza, alipima kwa rula kushoto na kulia.

"Sawa," akasema. "Kumbuka, jambo la heshima hukaa katikati. Hata bwana harusi hakalishwi pembeni."

Neno hilo nililishika. Waganga Wafawidhi walikuja wakahamishwa, na matangazo yangu yakabaki katikati. Kompyuta ilipoletwa, nikaona kichwa cha habari kikienda katikati chenyewe kwa kubonyeza mara moja, nilitoa mikono mezani nikaipakata. Niliogopa kidogo, sitaki kuwadanganya. Kazi iliyokuwa imenitoa jasho miaka yote ilikwisha kabla sijapumua.

Miaka michache kabla sijastaafu, Katibu wa Afya, msimamizi wa shughuli zote za ofisi, akaniita. Hospitali ilikuwa inafungua tovuti.

"Mama, vijana wanajua mashine," akasema, "lakini kupanga ukurasa unajua wewe."

Nikafundishwa wiki mbili. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ratiba ya daktari wa macho, ambaye hupita vijijini mara mbili kwa mwaka kuwachagua watu wa kupasuliwa. Nikapanga safu mbili: vijiji upande mmoja, tarehe upande wa pili, kila mstari katikati ya safu yake. Kwenye kompyuta ukurasa ulipendeza kama kadi ya harusi. Kwenye simu sikuutazama. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Siku moja saa sita mchana aliingia ofisini dada mmoja akimshika mkono mama yake. Walitoka Mgori.

"Shikamoo, mama," dada akaniamkia. "Tumefika zahanati ya kwetu asubuhi, tumeambiwa daktari alishapita juzi. Mbona tovuti yenu inasema leo?"

Yule bibi akageuza uso kuifuata sauti yangu. "Jicho la kushoto lilishakufa, mwanangu," akasema. "Hili lingine naona ukungu tu. Miezi sita mingine sina."

Nikaomba simu nione. Jamani! Kwa kuwa kioo cha simu ni chembamba, safu zangu zilikuwa zimepandana: vijiji vyote juu, tarehe zote chini. Kijiji kimoja chenye jina refu kilikuwa kimekatika mistari miwili, na kwa kuwa kila kitu kilikaa katikati, hapakuwa na ukingo wa kuonyesha mstari upi unaanza na upi unaendelea. Yule dada alihesabu Mgori kuwa ya sita, akachukua tarehe ya sita. Mgori ilikuwa ya tano. Tarehe ya sita ilikuwa ya Ihanja.

Nikakimbilia mlango wa Katibu. "Katibu, daktari leo yuko Ihanja!"

Katibu alipiga simu palepale. Daktari akasema atangoja hadi saa kumi. Gari la hospitali likawachukua mama na binti, nami nikarudi kwenye kompyuta kuubomoa ukurasa wangu. Kila kijiji nikakipa kisanduku chake, tarehe chini yake, maneno yote yakianzia kushoto. Safari hii niliufungua kwenye simu. Nikailaza simu, nikaisimamisha, na maneno yakajipanga upya kila mara bila kijiji kuachana na tarehe yake. Nilirudia kama mtoto. Mpaka leo sijui nimshukuru nani kwa jambo lile.

Bibi alipasuliwa. Siku ya kufunguliwa bandeji alipita ofisini, akaomba simu ya binti yake, akapitisha kidole ukingoni mwa kushoto, chini, chini zaidi, kikasimama.

"Mgori," akasoma. Kisha akaniinulia uso, akanitazama kwa muda. "Kumbe una mvi hivyo, na mimi nakuita mwanangu."

Tulicheka, halafu nikalia, naye akanishika mkono.

Sasa nimestaafu, niko Mtinko, nalima alizeti. Wanaponiuliza kazi yangu ilikuwa nini, huwa nasema nilipanga maneno ili mtu ayapate. Heshima ya ukurasa iko kwa msomaji, na msomaji huanzia kushoto. Mganga Mfawidhi wangu wa kwanza angeguna, lakini angepima kwa rula.

Mwaka huu macho yangu nayo yameanza ukungu. Juzi nimefungua ile ratiba kwenye simu, nikaufuata ukingo wa kushoto kwa kidole, taratibu. Nikaikuta Mtinko, na chini yake, palepale nilipoiweka, siku yangu.