Milioni Moja na Moja

Mwenzangu wa darasani alifariki Jumanne iliyopita, saa nne kasoro robo asubuhi, nyumbani kwake Ijumbi, na Alhamisi tukamzika katika kibanja chake, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii wanajua kwamba niliingia darasa la watu wazima nikiwa na miaka arobaini na miwili, miezi mitano baada ya kumzika mume wangu. Marehemu ndiye niliyeketi naye dawati moja. Mwalimu alitufundisha namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kwa kupanga punje za buni mkekani: kumi na mbili zilikubali safu tatu zilizo sawa, kumi na tatu zikakataa kila mpango. Mwenzangu, mgane asiye na mtoto, alizitazama hizo kumi na tatu, akanigeukia.

“Mama, hizi ni sisi.”

“Sema wewe,” nikamjibu. “Mimi nina wajukuu.” Darasa zima likacheka.

Tulipohitimu, yeye hakuacha. Alichagua milioni moja na moja, akaazimia kuthibitisha kuwa ni tasa. Mwalimu alikuwa amemweleza kwamba akizijaribu namba tasa zote hadi elfu moja bila kupata kigawanyo, basi amethibitisha. Nilipomwambia simu ingemaliza kazi hiyo mara moja, alikataa, akiniita waitu, yaani “wetu” kwa Kihaya: “Itajua simu, waitu. Mimi je?” Aligawanya kwa mkono, namba moja kila wiki, kila namba mara mbili, miezi sita. Alipomaliza kuijaribu tisini na saba, macho yakafifia. Jumapili ya pili ya Kwaresima, nje ya kanisa, alininyooshea daftari mbele ya wanawake wa jumuiya yetu. “Nimalizie, waitu. Nisife sijajua.” Mmoja wao akauliza, “Hiyo ni barua ya posa?” Nikaona aibu. “Mimi si karani wako,” nikasema. Daftari nililichukua, nikalifungia kabatini. Mara tatu alituma watu kuniuliza nimefika wapi. Mara tatu nilijibu kwamba naanika kahawa.

Alhamisi, niliporudi nyumbani kwangu Kagondo kutoka mazishini, nililifungua. Namba tasa inayofuata tisini na saba ni mia moja na moja. Nikagawanya. Jibu likatoka elfu tisa mia tisa na moja, bila baki. Kumbe si tasa, na ilikuwa imebaki hatua moja tu! Nilirudia mara nne nikiomba niwe nimekosea. Tena, elfu tisa mia tisa na moja nayo ni tasa, na sikuhitaji kuipima: kama ingegawanyika, kigawanyo chake kidogo kabisa, ukiacha moja, kingekuwa chini ya mia moja, nacho kingeigawanya pia milioni moja na moja. Marehemu alikuwa amekwisha kuvijaribu vyote. Hakuwa amebakiza kitu ila mimi.

Tunawapigia makofi watu wazima siku ya kupokea cheti, kisha tunawaonea haya wakitaka kuendelea kujua. Mimi ninayejivunia kusoma ukubwani nilimwonea haya mwenzangu wa dawati. Mtu anayezeeka akikuomba jibu, keti ulitafute siku hiyohiyo. Mimi ninalo sasa, limeandikwa vizuri kwa wino, na sina wa kumpelekea.