Siku Aliyookoka Baba

Baba yangu alikuwa na siku yake. Wabaptisti wengi wa kwetu wanayo: siku waliyookoka, mahali walipokuwa, nguo waliyovaa, na neno lililowachoma. Ukiwaamsha usingizini watakusimulia bila kukosea. Mimi sikuwa nayo, na nilificha upungufu huo tangu utotoni mpaka nikaanza kuota mvi. Kanisani niliimba kwa sauti kuliko wote ili mtu asipate nafasi ya kuniuliza.

Ya baba niliijua yote. Kila Jumapili kule kijijini kwetu Kisoko, mchungaji akiuliza nani ana neno, yeye alikuwa wa kwanza kusimama. Alisema kwa lugha ya kwetu, na miaka ya baadaye, nilipomleta Busia, alisema kwa Kiswahili chake cha mpakani, lakini maneno hayakubadilika.

"Mimi sikutafuta Yesu," alianza. "Mimi nilitafuta tu pahali ya kujificha mvua."

Watu walicheka kana kwamba ndiyo kwanza wanasikia. Kisha aliendelea. Alikuwa anakwenda kwa shemeji yake kunywa kongo, ile pombe ya wimbi ambayo wazee huizunguka kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Mrija wake alikuwa ameuweka begani. Mvua ikamkuta karibu na kibanda cha nyasi cha Wabaptisti, akaingia, akasimama nyuma huku maji yanamchuruzika. Mhubiri alikuwa anasoma habari za mwana mpotevu. "Nikasikia yule baba yake alikimbia," baba alisema. "Mzee mzima, na heshima yake, anakimbia barabarani! Nikauliza moyo yangu, mzee gani anakimbia hivyo kwa sababu ya mtoto mjinga? Mvua ikakwisha. Mimi sikutoka." Mrija aliuegemeza kwenye nguzo ya kibanda na hakurudi kuuchukua. Kwa shemeji walimngoja mpaka chungu kikakauka.

Baada ya hapo alimalizia kwa maneno ambayo sikuyapenda hata siku moja: asiyejua siku aliyozaliwa mara ya pili, aulize vizuri kama alizaliwa. Aliyasema akitabasamu, bila ubaya wowote. Mimi niliyasikia kwa hofu kwenye mkeka wa watoto. Nilitamani siku yangu kama watoto wengine wanavyotamani viatu.

Siku moja nilirudi kutoka kisimani nikakuta nyumbani hakuna mtu. Maharage yanachemka jikoni, jembe limelala uani, milango iko wazi, kimya. Nikajua Yesu amerudi, amewachukua wote, nimebaki mimi na kuku. Nilitua mtungi nikakimbia mbio hadi kwa mama mmoja wa kanisani, aliyekuwa mtakatifu kupita wote kwa kipimo changu. Nilifikiri kama huyo yupo, basi bado. Nilimkuta anamchapa mbuzi aliyeingia kwenye mihogo yake, huku anamtukana ukoo mzima. Sijawahi kufurahi kusikia matusi kama siku ile. Wazazi wangu walikuwa wamekwenda kwa jirani aliyejifungua.

Nilibatizwa pamoja na wenzangu wa rika kwenye kijito ambacho ng'ombe hunywea. Kwetu habatizwi mtu mpaka kanisa limsikilize na kunyoosha mikono kumkubali. Wenzangu waliulizwa siku zao. Mimi mchungaji aliniuliza tu kama nampenda Yesu, nadhani kwa kuwa alimjua baba yangu. Nikasema nampenda, na ilikuwa kweli. Mikono ikanyooka. Niliingia majini natetemeka, nikazamishwa, nikatoka nimelowa. Nilikuwa nimetarajia kitu zaidi ya kulowa.

Nilipoolewa Busia, nikafungua mkahawa wa kulisha madereva wa malori wanaosubiri mizigo ipitishwe mpakani, niliendelea kuitafuta siku yangu. Kila mkutano wa injili ulipopigwa upande wetu, na hata ng'ambo, Kenya, nilikwenda. Mhubiri akitoa wito, mimi huyo mbele. Nilifumba macho na kuusikiliza moyo wangu kama fundi anavyosikiliza injini. Sikusikia kitu kigeni, nikarudi kwenye kiti. Nilikwenda mara nyingi hivi kwamba mhudumu mmoja alininong'oneza, "Dada, wewe tena? Acha na wengine waokoke."

Mama alipofariki, na baba akaanza kuacha sufuria motoni na kusahau njia ya shamba, nilimchukua Kisoko nikamleta kwangu. Aliniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake, na nilipenda alivyoniita. Alikaa nyuma ya mkahawa akichagua mchele na kuwasalimu madereva. Wengine aliwasalimu mara tatu nao wakaitikia mara tatu, Mungu awabariki. Jumapili tulikwenda kwenye kanisa letu la mjini, ambako Wasamia, Wateso na sisi wa Kisoko tunaabudu kwa Kiswahili. Hata huko alisimama wa kwanza na kutoa ushuhuda wake wa mvua, wakamzoea na kumpenda.

Halafu ikaja Jumapili moja akasimama, akasema hakumtafuta Yesu, alitafuta pahali ya kujificha mvua, watu wakacheka, naye akanyamaza. Nilimwona anatazama mikono yake. Akarudia: pahali ya kujificha mvua. Akanyamaza tena. Kwetu ushuhuda ukikwama, au ukizidi urefu, kiongozi wa kwaya huanzisha pambio, na mtu hukaa chini bila aibu. Wakaanzisha. Baba alibaki amesimama katikati ya makofi, anageuka huku na huku, mpaka nikamvuta koti akakaa.

Nyumbani hakugusa chakula.

"Mama," akaniambia, "hii siku yangu imepotea wapi?"

"Ipo, baba. Umechoka tu."

"Haiko. Natafuta, haiko. Sasa nikifika kule wakiuliza, mimi natasema nini?"

Nilitoka nje nikasimama karibu na malori nikalia. Nilimkasirikia Mungu waziwazi, tena kwa sauti, mpaka dereva mmoja akateremsha kioo kuniangalia. Mimi sikupewa, sawa, nilikuwa nimezoea njaa hiyo. Lakini yeye alipewa, akaitunza maisha yake yote, kwa nini anyang'anywe uzeeni? Nilikuwa nimemwonea baba wivu miaka mingi, na sasa tulipolingana sikuona raha yoyote. Afadhali ningebaki peke yangu upande ule wa wasio na siku.

Nikaanza kumsimulia. Kila alasiri, wateja wakipungua, nilimpa uji nikaketi karibu naye nikamwambia siku yake. Mwanzoni alinisahihisha. Nikisema alikuwa anakwenda kwa jirani, alidakia, "Shemeji yangu! Wewe unasikia vibaya." Nilianza kukosea makusudi ili anisahihishe. Baada ya miezi michache akawa hanisahihishi tena. Ningeweza kusema alikuwa anakwenda kuvua samaki, angeitikia kwa kichwa tu. Hapo nikaacha kukosea. Nilimsimulia sawasawa, neno kwa neno, na akimaliza uji woga ulikuwa umemrudia: wakiuliza, nitasema nini?

Mchungaji wetu, kijana wa kutoka Bulumbi, alikuja kumwona. Alimshika mkono akamwambia kwamba wokovu haukai kichwani mwa mtu, Mungu hasahau walio wake. Ni maneno mazuri na ninayaamini. Baba alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Lakini wakiuliza?"

Nilimsindikiza mchungaji hadi barabarani, nikamwambia nataka Jumapili nimsemee baba ushuhuda wake mbele ya kanisa. Akajikuna shingo.

"Dada, unajua imani yetu. Hakuna mtu wa kuamini kwa niaba ya mwingine. Ndiyo maana hata watoto wachanga hatubatizi."

"Siamini kwa niaba yake," nikasema. "Yeye alishaamini. Mimi namshikia tu, maana mikono yake imechoka."

Alinitazama kidogo. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba tangu nihamie pale sijawahi kusimama kusema neno. Akasema sawa.

Jumapili hiyo nilimvalisha baba koti lake na kumkalisha benchi la pili. Mchungaji akauliza nani ana neno. Baba hakusimama, alikuwa anachezea kifungo cha koti. Nikasimama mimi. Kwa dakika nzima nilifikiri watu wataniuliza siku yangu, hofu ile ile ya mkekani. Nikafungua mdomo.

"Baba yangu hakumtafuta Yesu," nikasema. "Alitafuta tu pahali ya kujificha mvua."

Hakuna aliyecheka. Nikaendelea na mrija, na kibanda, na maji yaliyomchuruzika, na yule mzee aliyekimbia barabarani bila kujali heshima yake. Nilipofika pale mvua ilipokwisha na yeye hakutoka, sauti ilinikatika. Nikangoja pambio lianze. Kiongozi wa kwaya aliniangalia, akaacha mikono yake mapajani, nao wote wakanisubiri mpaka nikamaliza. Yale maneno ya mwisho ya baba, ya asiyejua siku yake, sikuyasema. Nikakaa.

Baba akanivuta mkono.

"Mama, huyo mtu wa mvua ni nani?"

Ningemwambia ni wewe. Nilikuwa nimemwambia alasiri nyingi hivyo, na haikumsaidia. Nikasema, "Ni mtu wa Kisoko."

Akafikiri. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Huyo ameokoka kweli," akasema. "Mimi nataka kuwa kama huyo."

Nikamwambia ukweli. "Hata mimi, baba."

Mahubiri sikuyasikia vizuri. Mwishoni mchungaji akatoa wito kama kawaida. Baba akashika bega langu akainuka. Nilidhani anataka msalani, nikamgeuza kuelekea mlangoni, lakini alikataa, akaelekea mbele.

"Baba, wewe umeokoka tayari," nikamnong'oneza.

"Wacha. Usinizuie."

Nikaenda naye. Kule mbele alitaka kupiga magoti, na magoti yake yalikuwa hayakunjiki bila kitu cha kushikilia, kwa hiyo nililazimika kupiga magoti kwanza mimi ili ashuke akiwa ameniegemea. Uzito wake wote ulinilalia begani. Mchungaji aliinama akamuuliza, kwa upole, "Mzee, unataka nini?"

"Ile ya yule mtu wa mvua."

Mchungaji akaweka mkono mmoja juu ya kichwa cha baba na mwingine juu ya changu, akaomba. Miaka yote niliyokwenda mbele nilikuwa nausikiliza moyo wangu. Siku ile sikupata nafasi, nilikuwa nashughulika asianguke. Nakumbuka joto la shavu lake, na kwamba alisema amina kabla ya wakati wake, mara mbili, kwa furaha.

Tulirudi polepole, yeye kwenye boda boda, mimi kwenye nyingine nyuma yake, nikitazama mgongo wake mwembamba na koti linalopepea. Sasa amelala Kisoko kando ya mama, na mchungaji akiuliza nani ana neno bado nageuza kichwa kutazama benchi la pili. Ningetoa mkahawa na vyote vilivyomo nimsikie tena akisimama kabla ya watu wengine. Lakini mchana ule alikuwa hai na ana njaa. Nilimpakulia ugali wa wimbi na samaki, akala vizuri, akanawa, akafuta mikono. Halafu nikaona uso wake unabadilika kwa ule woga ninaoujua.

"Mama."

"Naam, baba."

"Mimi niliokoka lini?"

Ile siku yake ya zamani ilikuwa tayari ulimini mwangu, neno kwa neno. Nikaweka mwiko chini.

"Leo, baba," nikamwambia. "Tulikuwa wawili."