Krismasi Niliyombatiza Binti Yangu Jina la Bibi Mwingine

Niseme mwenyewe mapema, maana mkisikia kwa wengine mtaongezewa chumvi: yule mchungaji wa huku juu, karibu na Mgwashi, aliyembatiza mtoto wake wa kumzaa jina lisilo lake, siku ya Krismasi, kanisa limejaa mpaka watu wanachungulia madirishani, na mama mkwe wake ameketi benchi la mbele kabisa, ndiye mimi. Chekeni kwanza mmalize. Mkishamaliza niwaeleze, kwa sababu aibu yenyewe haikuwa jina. Jina lilikuwa mwanzo tu.

Wakati huo nilikuwa na miezi minane usharikani, nina miaka thelathini na moja, na nilikuwa najiamini (bado najiamini, lakini siku hizi kwa adabu). Chuoni nilisifika kwa kichwa. Nilikuwa napanda mimbarini bila kipande cha karatasi, nahubiri nusu saa nzima na kutaja mistari kwa sura na aya, wenzangu wanafuatilia kwenye Biblia kuona kama nitakosea, sikosei. Sasa mtu akishasifiwa hivyo miaka mitatu anaanza kuiona karatasi kama kitu cha watu dhaifu.

Krismasi ile ilikuwa na watoto kumi na wanne wa kubatizwa, na wa kumi na nne alikuwa wangu. Hapo inabidi niwaeleze mambo ya nyumbani. Mtoto wetu wa kwanza, Tumsifu, jina lake lilitoka upande wangu, kwa hiyo tulishakubaliana na mke wangu, hata kabla mimba haijaonekana, kwamba wa pili ni wa upande wake, na akiwa wa kike ataitwa Rahel, jina la mama yake. Mama mkwe alipopata habari kwamba ni msichana alifunga safari kutoka Bungu, gari mbili na bodaboda moja, akaja na mkungu wa ndizi, kuku wawili, na gauni jeupe la ubatizo alilolishona kwa mkono wake, kifuani amedarizi kwa uzi mwekundu: RAHEL. Herufi kubwa, mtu wa benchi la mwisho anasoma.

Na mama yangu naye alikuja, kutoka Lushoto mjini. Mama yangu anaitwa Yunisi. Asubuhi ya Krismasi nikiwa jikoni nakunywa chai kwa haraka, akanisogelea akaninong'oneza, "Mwanangu, Yunisi nalo ni jina la kwenye Biblia."

"Mama, hilo tulishalimaliza."

"Mimi nasema tu," akajibu, akaendelea kukata mkate kana kwamba hajasema kitu.

Hapo ndipo jina lilipoingia kichwani mwangu na kukaa. Natoka jikoni najisemea, usije ukasema Yunisi. Navaa viatu, usije ukasema Yunisi.

Nikiwa mlangoni mke wangu akaniita, "Baba Tumsifu, karatasi yako ya majina umeiacha mezani."

Nikamwambia sina haja nayo, majina yote kumi na manne ninayo kichwani, tena kwa mpangilio. Akasema basi uwaulize wazazi kama wachungaji wengine wanavyofanya, 'mtoto huyu anaitwa nani.' Nikamwambia (jamani, nikikumbuka natamani kujificha) kwamba mchungaji kumwuliza mzazi jina la mtoto ni kama bwana harusi kumwuliza mshenga jina la bibi harusi. Karatasi ikabaki mezani.

Ibada ilianza vizuri sana. Kwaya imependeza, mvua ya alfajiri imekatika, na ulipofika wakati wa ubatizo wazazi wakapanga mstari kama walivyoandikwa. Mtoto wa kwanza, jina, maji mara tatu, amina. Wa pili, amina. Mpaka wa tano nasikia bibi mmoja anamwambia mwenzake, "Huyu kijana ana kichwa!" na mimi nikanyoosha mabega ndani ya kanzu.

Wa sita alikuwa msichana, Esta. Sasa Esta alianza kulia kilio cha kupasua masikio, mama yake akachepuka pembeni kumnyonyesha, na mimi nilikuwa nimeinama nachota maji, sikuona. Mstari ukasogea. Nikainuka, nikampokea mtoto aliyeletwa mbele yangu, nikasema kwa sauti ya kujaa kanisa, "Esta, nakubatiza kwa jina la Baba…"

Baba wa mtoto, mkulima wa kabichi mwenye sauti nzito, akanikatiza hapohapo. "Mchungaji, huyu ni dume!"

Kanisa lilicheka mpaka mpiga kinanda akainamia kinanda chake. Mtoto alikuwa Elia, wa saba. Nikarekebisha, nikambatiza Elia, nikacheka na mimi, lakini kijasho kilishaanza kunitiririka mgongoni, na kichwa changu, kile kichwa kilichosifiwa miaka mitatu, kikawa cheupe kabisa. Sikumbuki hata jina moja lililobaki. Nikamwita kwa jicho Mzee Kaniki, katibu wa wazee wa kanisa, ambaye kwa bahati alikuwa na nakala yake ya majina mfukoni, akasimama nyuma ya bega langu akawa ananinong'oneza mmoja baada ya mwingine. Tukaenda hivyo mpaka Esta mwenyewe akarudi amenyamaza, akabatizwa, na mpaka wa kumi na tatu.

Wa kumi na nne Mzee Kaniki hakuninong'oneza, akarudi kuketi. Ni haki yake. Jina la mtoto wa mchungaji mchungaji atalisahauje?

Mke wangu akasimama mbele yangu na mtoto mikononi. Kulia kwake mama mkwe, kitambaa kipya kichwani, machozi ya furaha yameshaanza. Kushoto mama yangu. Gauni linanitazama, herufi tano nyekundu, ningeweza kusoma tu! Lakini macho yangu yalimwangukia mama, na kichwani mlikuwa na onyo moja tu tangu asubuhi, na ulimi ukalichukua kama ulivyolikuta.

"Yunisi, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Maji mara tatu. Nilijisikia nikisema na bado nikaendelea mpaka amina, kama mtu anayeteremka mlima wa Mombo na breki zimekata.

Mama yangu akapiga kigelegele.

Ni yeye peke yake aliyepiga. Mke wangu alisema kwa midomo bila sauti, "Umefanya nini?" Mama mkwe alinyoosha mkono akalainisha gauni pale kifuani kwa mtoto, polepole, kama anayetafuta kama herufi zake zimefutika.

Na hapa sasa ndipo kosa lenyewe lilipo, wapendwa. Ningesema "nimekosea" pale pale, kama nilivyosema kwa Elia, tungecheka yakaisha. Lakini nilishachekwa mara moja, nikaona mara ya pili nitakwisha, miezi minane tu usharikani na watu watasema mchungaji hajui hata mwanawe anaitwa nani. Nikageukia usharika, nikainua mkono, nikasema kwa ile sauti yangu ya mahubiri, "Wapendwa, msishangae. Sisi wazazi tulipanga letu, lakini Roho amenena lake hapa madhabahuni. Mtoto huyu amepewa jina na Mungu mwenyewe."

Watu wakaitika "Amina!" Waliitika kwa nguvu, wakaniamini. Nikajisikia mwepesi kabisa. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo nilivyojisikia.

Wepesi ule uliishia mlangoni mwa kanisa. Nilikuwa nasalimiana na waumini wakitoka, shikamoo na marahaba, heri ya Krismasi, nikamwona mama mkwe anatoka nyumbani kwetu (nyumba ya mchungaji iko ng'ambo tu ya njia) na mfuko wake begani, anashuka kuelekea barabarani. Siku ya Krismasi, gari hakuna, na Bungu si karibu. Nikawaacha watu na mikono yao hewani, nikamkimbilia hivyohivyo na kanzu yangu nyeupe.

Wanaoijua njia yetu baada ya mvua wanajua kilichofuata. Hatua ya tano mguu wa kulia ulikwenda wenyewe, wa kushoto ukaufuata, nikateremka kwa makalio kwenye udongo mwekundu mbele ya usharika mzima, kanisa la watoto linashangilia, nikaishia kwenye tuta la kabichi, miguuni pa mama mkwe.

"Inuka, Mchungaji," akasema. "Watu wanakutazama."

Sikuinuka. Nikapiga magoti palepale tutani. "Mama, nisamehe. Ulimi uliteleza."

"Kuteleza ulimi nakujua. Mimi nimezaa saba, nikitaka kumwita mmoja nawataja wote kwanza. Hilo silo lililoniondoa."

"Ni nini basi, mama?"

Akashusha mfuko. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. "Ulisema ni Mungu aliyelikataa jina langu. Mimi ni mjane, Mchungaji, nasali miaka yote hii. Nimekaa pale nikajiuliza, Mungu ameona nini kwangu? Kwa nini jina langu halimfai hata mtoto mchanga?"

Nikasema ukweli tu. "Mungu hakusema chochote, mama. Ni mimi. Niliona aibu."

"Basi kawaambie. Ulimweka Mungu kwenye hilo jambo mbele ya watu, umtoe mbele ya watu. Ukishamtoa nitakula chakula chako." Akachukua mfuko wake akarudi nyumbani, akakaa jikoni, na kweli hakugusa hata ndizi zake mwenyewe. Pilau la Krismasi tulilila kwa kusikilizana tunavyotafuna. Mke wangu aliniwekea sahani mezani akasema neno moja tu, "Kesho."

Jioni nilimweleza Mzee Kaniki ninachotaka kufanya. Alikuna kidevu. "Mchungaji, mimi ningekushauri uliache lipite. Wakisikia umesema uongo madhabahuni, kesho watauliza na mahubiri yako ni kweli yapi." Aliongea kwa wema, na alikuwa na hoja. Nilijua kwamba huenda naipoteza kazi yangu hapo usharikani kabla hata sijaizoea. Lakini nilikuwa nikigeuka namwona yule mama jikoni anapepeta mchele ambao hataula.

Krismasi ya pili, yaani kesho yake, kanisa lilijaa kuliko ya kwanza (walikuja kuona kanzu imetakata vipi). Sikusubiri mahubiri. Nilisimama chini, usawa wao, sikupanda mimbarini. Nikasema, "Jana niliwaambia kwamba Roho ndiye aliyempa mwanangu jina. Si kweli. Nilikosea jina la mtoto wangu, nikaogopa kuchekwa, nikamsingizia Mungu. Na kwa kusema hivyo nimemwumiza mama aliyenipa mke. Ubatizo ni ubatizo, haurudiwi, mtoto ni wa Kristo, lakini jina lake ni Rahel. Naombeni mnisamehe."

Nilisikia jogoo wa jirani. Nikawaza, haya, Mzee Kaniki alisema.

Kisha yule baba wa Elia akasimama kule nyuma. "Mchungaji, sisi tumekusamehe. Ila mwanangu tangu jana kijiji kizima wanamwita Esta. Hilo nalo utalitangaza?"

Nikalitangaza. Kanisa likacheka, safari hii nami nikacheka nao, na katika kicheko hicho mama mkwe akainuka, akamchukua mtoto kutoka mgongoni kwa mke wangu, akamwinua juu watu wamwone. Lile gauni lake lilisema. Na mama yangu, ambaye nilikuwa namwogopa kuliko wote, akasimama kando yake, akasema, "Kile kigelegele cha jana nilikipiga bila kufikiri. Cha leo ndicho chenyewe." Akakipiga, kirefu, na kanisa zima la wanawake likampokea.

Mchana ule mama mkwe alikula sahani mbili. Kwenye daftari la ubatizo nikaandika Rahel kwa mkono wangu, Mzee Kaniki amesimama pembeni anahakikisha herufi moja moja.

Hakuna aliyeniondoa usharikani. Nilidhani watu wataacha kuja ofisini kwangu, kumbe ndipo walipoanza kuja, wenye ndoa zinazoyumba, wenye ugomvi wa mipaka ya mashamba, wananiambia mambo ambayo wakati ule nilipokuwa sikosei walikuwa wananificha. Pasaka iliyofuata nilitangaza wimbo wa mazishi katikati ya ibada ya ufufuo, kwaya nzima ikanikodolea macho, nikasema, "Nimekosea jamani, funueni ule mwingine," tukaimba, na paa halikuanguka. Kujiamini nitajiamini, ndivyo nilivyozaliwa, lakini nimeapa: nikikosea ni mimi, na nitasema ni mimi, kwa sauti ileile niliyokosea nayo.