Waya wa Upande wa Maegesho

Mama Nyaya hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa, nalo likamganda. Ilikuwa mwaka ule mumewe alipofariki, watu walipomwona mwanamke wa miaka arobaini na kitu amevaa suruali ya marehemu, mkanda wa usalama kiunoni, yuko juu ya mlingoti mita kumi na mbili kutoka ardhini, nyaya zimemning'inia begani. Waliopita njia walisimama, vichwa juu. Mmoja akauliza, "Huyu mama hana watoto?" Mwenzake akajibu, "Anao. Ndiyo maana yuko huko juu."

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea, milango na mageti kama mafundi wengine, ila alikuwa na wateja wa namna yake: watu wa redio ya ridhaa. Hawa ni watu wenye leseni, kila mmoja na herufi zake za utambulisho, wanaokaa vyumbani mwao na kuzungumza na wasiowajua walio nchi za mbali. Hawalipwi hata kidogo, ni mapenzi tu. Redio yenyewe ni kisanduku cha kuweka mezani. Kazi iko nje, kwenye antena, na antena isiyoinuliwa juu haina tofauti na kamba ya kuanikia nguo. Basi mume ndiye aliyekuwa akiwasimamishia milingoti. Mke alianza kwa kushika ngazi. Akaja kukata nondo, akaja kuchomelea, na kifua cha mume kilipoanza kubana, akawa yeye ndiye anayepanda. Siku walipomzika, hakukuwa na kitu katika kazi ile ambacho mjane hakukijua.

Alijua, kwa mfano, kwamba mlingoti mwembamba hausimami kwa nguvu zake. Unasimamishwa na nyaya zinazouvuta kutoka pande tatu, kama watoto watatu wanaogombea shuka moja. Wakivutana sawasawa, shuka inakaa katikati. Mmoja akilegea, limekwisha. Na vigingi vya nyaya hizo lazima vikae mbali na shina la mlingoti, kwa sababu kigingi kikisogezwa karibu, waya unaacha kuvuta pembeni, unaanza kukandamiza chini, na upepo ukija hauna wa kuuzuia.

Mambo ya vipimo, urefu wa waya kwa kila masafa ya redio na namna ya kuupima kwa kifaa, alifundishwa na Mzee Sauti. Huyu alikuwa mstaafu wa idara ya simu, mwanachama mkongwe kuliko wote wa chama chao cha redio, mwembamba, mwenye sauti nzito ambayo hungedhani inatoka katika kifua kile. Wanachama wengine walimwita Mama Nyaya "yule mama." Mzee Sauti peke yake alimwita fundi. Kila Mama Nyaya alipomaliza kumsimamishia mtu antena, mzee alikuwa akienda kuijaribu mwenyewe, na maneno yake ya kwanza hewani yalikuwa, "Mnanisikia kwa mkono wa fundi wetu."

Chama kilipoamua kusimamisha mlingoti wa mita ishirini na nne nyuma ya ofisi yake, kazi ilimwendea yeye. Aliifanya kwa wiki sita. Vipande vyote alivichomelea kwenye karakana yake, akavipaka rangi mara mbili, akachimba mashimo ya zege marefu kupita kimo chake, akasimama juu ya zege usiku kucha kuikinga na mvua... hapana, huo ulikuwa uongo wa mama mkwe wake, aliyependa kuiongezea hadithi chumvi. Ukweli ni kwamba aliifunika zege kwa maturubai, akaenda kulala kama watu wengine, na asubuhi ilikuwa imeshika vizuri.

Tatizo lilikuwa karatasi. Fomu ya chama ilitaka msimamizi mwenye cheti, na Mama Nyaya cheti chake kilikuwa viganja vyake. Mwenye cheti alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyesomea umeme akaishia kuwa karani wa stoo katika kampuni ya mwenyekiti wa chama. Cheti alikuwa nacho, lakini akishika nyundo unaionea huruma nyundo. Mwenyekiti akamfanya katibu wa ufundi, akatia sahihi, mambo yakaenda.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na kibao cha shaba kwenye shina la mlingoti: "Umejengwa na Kamati ya Ufundi." Mama Nyaya alikisoma mara mbili.

"Shemeji," akasema, "kamati ni nani?"

"Kamati ni sisi sote, shemeji."

"Mimi nimo?"

"Si nimekwambia sisi sote?" Akacheka, akaenda kupiga picha na mwenyekiti.

Alimeza. Kumeza alikuwa amekuzoea, na isitoshe mlingoti wenyewe ulikuwa umesimama wima, na jioni ile Mzee Sauti aliongea na mtu wa upande wa pili wa dunia kana kwamba wamekaa benchi moja.

Miezi minane ikapita. Siku moja alipita pale kurudisha ngazi aliyoazima, akaona jambo lililomsimamisha. Waya wa upande wa maegesho haukuwa mahali pake. Kigingi chake kilikuwa kinakaa katikati ya nafasi ambayo mwenyekiti alipenda kuegesha gari lake jipya, kivulini. Sasa waya ulikuwa umefunguliwa, ukafungwa kwenye nguzo ya uzio, hatua chache tu kutoka kwenye shina.

Alimkuta shemeji yake ndani. "Nani kausogeza waya?"

"Mwenyekiti alisema unamkwaruza gari. Nikausogeza kidogo."

"Kidogo? Shemeji, ile nguzo imeshika seng'enge tu! Upepo ukija wa upande ule, mlingoti unalala."

Mwenyekiti alisikia, akatoka. Alikuwa mtu wa tabasamu, wa kumshika mtu bega. "Mama, tunakusikia. Lakini mashindano ni Jumamosi. Nchi nzima tunasikilizwa. Tukishusha antena sasa tunatoka kapa. Jumatatu tutaurudisha, nakuahidi."

"Basi nipeni spana niurudishe leo. Ni kazi ya saa moja."

"Gari liko pale, mama, na dereva ametoka na funguo. Jumatatu."

Mama Nyaya akaondoka. Hapa ndipo moyo wake ulipokuja kurudi mara elfu: kwa nini aliondoka? Angeweza kuketi chini ya mlingoti akagoma. Angeweza kwenda kwa Mzee Sauti, ambaye angewakemea wote. Lakini alikuwa na mageti mawili ya kumalizia, alikuwa amechoka kuitwa yule mama, na akajiambia siku hizo chache si nyingi.

Upepo ulikuja Jumamosi, saa tisa alasiri. Haukuwa hata dhoruba, ni upepo wa kuangusha nguo kwenye kamba. Nguzo ya uzio iling'oka kama jino bovu, mlingoti ukainama, ukasita, ukalala juu ya paa la ofisi. Ndani alikuwepo mtu mmoja, Mzee Sauti, masikio yake yakiwa ndani ya vipokea sauti, akiandika herufi za mtu aliyemjibu. Boriti ya paa ilimwangukia nyongani.

Mama Nyaya alipofika walikuwa wameshamtoa. Hakuna aliyemtazama usoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye maegesho. Gari lilikuwa halipo. Waya ulikuwa umerudishwa kwenye kigingi chake cha zamani, umefungwa vizuri, ila ncha yake ilikuwa imekatwa ili mtu adhani ulikatika wenyewe.

Ripoti ilitoka baada ya wiki mbili. Ilisema mlingoti ulianguka kwa sababu ya waya hafifu, na kwamba ulijengwa na fundi asiye na cheti. Safari hii jina lake liliandikwa lote, la kwake na la baba yake. Chini kulikuwa na sahihi ya katibu wa ufundi.

Aliivaa kanga yake ya kutokea, akachukua ripoti, akataka kwenda polisi. Mama mkwe akamzuia mlangoni. Bibi huyo aliishi naye tangu mwanawe mkubwa alipofariki, hakuwa na pengine pa kwenda, na ulimi wake ulikuwa mkali siku zote. Siku ile haukuwa mkali.

"Mwanangu, kaa kwanza."

"Mama, nimeandikwa muuaji."

"Mzee hajafa. Sikiliza. Yule mdogo wa mumeo amenieleza yote. Keshaahidiwa kazi ya kudumu. Ana watoto wanne. Ukienda kusema, anakwenda jela yeye, si mwenyekiti. Mwenyekiti hajashika spana."

"Na mimi?"

"Wewe una mikono. Geti utachomelea, dirisha utachomelea. Yeye ana nini?" Akamshika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi. "Mmoja nimeshamzika. Usinizikishe wa pili angali hai. Penye kuku wengi usimwage mtama, mwanangu."

Mama Nyaya alikaa. Alikaa mpaka kanga ikakunjamana. Hakwenda.

Mzee Sauti alilazwa miezi miwili. Mama Nyaya alimwendea wiki ya tatu, na machungwa kwenye mfuko. Njiani alikuwa amepanga maneno: kwamba polisi hawatajua, wala watu wengine, lakini huyu mtu mmoja lazima ajue. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na kwenye kiti kando ya kitanda cha mzee alikuwa amekaa shemeji yake, anammenyea papai.

Shemeji aliinamisha kichwa. Kisu kilisimama.

Mzee alimwona, akanyoosha mkono. Sauti ile nzito ilikuwa imebaki nusu. "Fundi, njoo. Nilijua utakuja." Akakishika kiganja chake. "Wameniletea ripoti. Nimesoma."

"Mzee, ile ripoti..."

"Usiseme kitu. Hata mimi, idarani, niliwahi kufunga waya vibaya, mtu akaumia. Kazi ndivyo ilivyo. Nimekusamehe, mwanangu. Kwa moyo mweupe kabisa."

Shemeji alikuwa akiangalia papai. Mama Nyaya alimtazama mtu yule aliyeukaribisha ukoo mzima kwenye mazishi ya kaka yake, akamwona jasho linamtoka juu ya mdomo, akasubiri. Alimpa nafasi ya kusema neno moja. Muuguzi alipita na toroli, magurudumu yakalia, yakanyamaza. Shemeji akarudi kumenya papai.

"Ahsante, mzee," akasema Mama Nyaya.

Ndivyo alivyosema. Akaweka machungwa mezani, akatoka, akaketi kwenye ngazi za hospitali. Lawama za watu alikuwa ameshazibeba. Msamaha ule ndio uliomvunja, kwa sababu haukuwa wa uongo wote. Alikuwa ameuona waya, naye akaenda kumalizia mageti.

Mzee Sauti hakurudi tena kwenye redio. Alitembea kwa magongo mwaka mmoja, kisha kitanda, kisha wakamzika. Kwenye mazishi mwenyekiti alitoa hotuba nzuri, watu wakalia.

Baada ya hapo Mama Nyaya hakupanda tena. Alitengeneza madirisha. Miaka miwili baadaye, alasiri moja, shemeji yake alisimama kwenye mlango wa karakana. Alikuwa amenenepa, ana kalamu mbili mfukoni mwa shati.

"Chama kinataka mlingoti mpya," akasema. "Kampuni tuliyoiajiri imeshindwa, antena haisikii kitu. Mwenyekiti amesema nikubembeleze. Tena jina lako litaandikwa kwenye kibao, shemeji. Nimehakikisha."

Mama Nyaya alizima mashine, akainua kinga ya uso. "Jina langu mnalo. Liko kwenye ripoti, na la baba yangu pia."

"Shemeji, mambo yale... Mimi nilikuwa nataka kumwambia mzee. Siku nyingi nilikuwa nataka."

"Basi makaburi unayajua yalipo. Kamwambie."

Akashusha kinga ya uso, akawasha mashine. Shemeji alipoondoka, Mama Nyaya aliendelea na dirisha mpaka kazi ikaisha, akafunga karakana, akapita sokoni, akaingia nyumbani kupika. Mama mkwe alikuwa amekaa uani anachambua mchele, macho yake hayaoni vizuri siku hizi.

"Nimesikia mwanangu alikuja kazini kwako," bibi akasema. "Alitaka nini?"

"Alikuja kusalimia tu, mama," akajibu, akamchukulia ungo amalizie yeye.